Mikao Ni ya Tatu

Mtaa mzima walimwita Baruti, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini. Alikuwa fundi vioo wa miaka hamsini na minne, mfupi, kifua mbele, mikono imejaa makovu madogo madogo meupe, na hasira zake hazikuwa mbali. Mteja akichelewa kufungua mlango, Baruti amewaka. Mtu akimwambia "taratibu, fundi," basi ndiyo amemmwagia petroli. Lakini kwenye kazi, jamani, tusimwonee. Kioo alichokata Baruti kiliingia kwenye fremu yake bila kusukumwa. Na alikikata kwa kupitisha kisu mara moja tu, pumzi ikitoka polepole mpaka mwisho wa mstari, maana kioo hakirudiwi. Ukirudia juu ya mstari uleule, kinapasuka kinavyotaka chenyewe.

Sasa, huyu mtu alikuwa na futi ya chuma ya kupimia, ile ya kuvuta, iliyokatika ncha. Sentimita tatu za mwanzo hazikuwepo, zilivunjika tangu enzi za fundi aliyemfundisha kazi. Mtu mwingine angenunua mpya siku ileile. Baruti hakutaka kusikia. "Futi hii imepima nusu ya madirisha ya mji huu," alikuwa akisema, "nyie mnataka niitupe kwa sababu imekatika ukucha?" Kwa hiyo karakana nzima, yaani yeye na binti yake, walipima kuanzia kwenye kumi badala ya sifuri, kisha wakatoa kumi kwenye hesabu. Ili wasichanganyane wakajiwekea sheria. Namba ikiandikwa kwenye kipande cha boksi, na kumi imeshatolewa, inazungushiwa duara. Isipokuwa na duara, basi anayekata ndiye anayetoa kumi. Ilikuwa sheria ya watu wawili, na kwa miaka sita haikuwaangusha hata siku moja.

Binti huyo alikuwa mtoto wake wa kwanza, miaka ishirini na saba, na baba yake alimwita Mama, kama baba wengi wanavyowaita mabinti zao. Kumsifia mbele yake, hilo Baruti hakuliweza. Lakini akiwa na mafundi wenzake alijipiga kifua. "Yule akishika kisu mimi nakaa pembeni. Ana jicho. Nikichoka mimi, karakana ni yake."

Halafu ikaja siku ya saluni.

Msusi wa mtaa wa pili alitaka kioo kimoja kirefu cha kujitazamia, kipite mbele ya viti vyake vyote vitatu. Baruti alikwenda kupima mwenyewe. Futi ilisoma mia mbili na thelathini, akatoa kumi kichwani, akaandika 220 kwenye kipande cha boksi. Alikuwa ndiyo anataka kuchora duara, dereva mmoja akaegesha gari mbele ya pikipiki yake. Unamjua Baruti. Alitoka kwenda kufoka, na alipomaliza kufoka, duara lilikuwa limeshatoka akilini.

Binti alikikuta kile kipande juu ya meza ya kukatia. Namba haina duara. Akatoa kumi kama sheria inavyotaka, akakata kwa mia mbili na kumi, mstari mmoja, safi kabisa. Walipokipandisha ukutani pale saluni, upande wa kulia ukabaki wazi kwa upana wa kiganja.

Wanawake saba walikuwa mle ndani, wengine vichwa vimejaa rola, wengine chini ya mashine za kukaushia nywele. Wote wakamsikia Baruti. "Huna macho wewe? Hayo macho umewekewa mapambo? Nimezaa kipofu, mimi!"

"Baba," binti alisema kwa sauti ya chini, "namba haikuwa na duara."

"Haikuwa na duara! Subiri hapo hapo."

Akaruka kwenye pikipiki mpaka karakana kulifuata lile boksi alete ushahidi. Akalichukua, akalitazama. Duara halipo.

Hapa ndipo ningependa kukuambia kwamba Baruti aliona aibu, akarudi, akakiri. Wapi! Alisimama kama dakika nzima na kipande kile mkononi. Kisha akavuta penseli iliyokuwa nyuma ya sikio lake na akachora duara. Akarudi saluni, akamwinulia binti yake usoni mbele ya wale wanawake saba. "Hii nini? Sema, hii ni nini?"

Binti alilitazama lile duara muda mrefu. Akavua glavu zake, akaziweka juu ya kiti, akasema, "Sawa, baba." Tangu siku ile hakukanyaga karakana. Nyumbani ilikuwa "shikamoo baba," "marahaba," basi. Baruti aliunganisha kipande cha kioo cha sentimita kumi pale palipobaki wazi, akajiambia kwamba binti kanuna tu kwa sababu ya kufokewa na kwamba kununa kuna mwisho. Kile kipande cha boksi alikificha chini kabisa ya sanduku lake la vifaa. Kukitupa hakuweza, na kwa nini hakuweza, hata yeye hakujiuliza.

Miezi miwili baadaye mgongo ukamgomea. Aliinama kuokota kisu, akabaki hivyo hivyo, mkewe na jirani wakambeba. Daktari akampa vidonge, akamwambia vidonge peke yake havitoshi, aende kwa Nesi akafanye yoga.

"Nini?" Baruti aliuliza.

"Mazoezi," daktari alisema. "Nenda tu."

Nesi alikuwa muuguzi mstaafu wa chumba cha upasuaji, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuamrisha, aliyezoea kuwaambia madaktari wakubwa wanawe mikono upya. Alifundisha Jumanne na Ijumaa asubuhi kwenye ukumbi ulio juu ya duka la matairi. Harufu ya mpira ilipanda mpaka huko juu, na mikeka ilikuwa vipande vya zulia. Watu walikuwa kumi na mmoja: mwalimu wa hesabu, muuza viatu, wajawazito wawili, na wengineo ambao Baruti hakuwatazama ila kujua nani anamzidi.

Maana kwake ile mikao, ya kujikunja na kujinyoosha, ilikuwa mashindano. Mwezi wa kwanza hakuweza hata kufikisha mikono magotini. Mwezi wa tatu anagusa vidole vya miguu. Mwezi wa tano anasimama kichwa chini miguu juu, bila ukuta, anahesabu kwa sauti mpaka mia ili muuza viatu asikie. Mgongo ulipona kabisa. Siku ya kwanza aliyofikisha mia alirudi nyumbani akajipindua katikati ya sebule.

"Mama watoto, unaona?"

Mkewe alikuwa anapiga pasi. "Naona."

"Umri wangu huu, nani mwingine... We! Nani kapunguza sauti ya redio? Nimesema redio isiguswe! Mnanifanya mimi mtoto humu ndani?"

"Kumbe inawezekana," mkewe alisema, anageuza shati upande wa pili. "Mtu kufoka hata kichwa kikiwa chini."

Kitu kimoja tu kilimshinda kule kwa Nesi, nacho ndicho rahisi kuliko vyote. Mwisho wa kila darasa watu walilala chali dakika kumi, macho wamefumba, kimya. Wenzake waliipenda, muuza viatu alikoroma kabisa. Baruti, kila ikifika hapo, alikunja zulia lake akaaga, ana kazi. Jumanne moja Nesi akaweka mguu juu ya lile zulia.

"Leo hutoki."

Akalala. Dakika ya kwanza alifikiria wateja. Ya pili akawashwa pua. Ya tatu akasikia penseli. Si mchezo, aliisikia kabisa inavyokwaruza boksi, inazunguka, inafunga duara, akauona na uso wa binti yake ulivyolitazama. Akakurupuka akakaa, jasho linamtoka, na mgongo haukuuma hata kidogo.

Wenzake walipoondoka yeye alibaki, anajifanya anatafuta kiatu.

"Dada Nesi, mikao yako yote naiweza. Hii ya kulala ndiyo inanishinda. Nikiiacha kuna ubaya gani?"

"Mikao yote unaiweza," Nesi alisema, "na asubuhi hii nimekusikia kutoka huku juu unamtukana mwenye matairi."

"Lile tairi alikuwa ameliegemeza..."

"Sijauliza habari za tairi. Kaa chini." Akakaa. "Hii yoga waliianza watu wa India, zamani sana, na walipoipanga waliigawa hatua nane. Mikao ni ya ngapi?"

"Ya kwanza."

"Ya tatu."

Baruti akamtazama kama mtu aliyeambiwa nyumba yake iko kwenye kiwanja cha jirani.

"Ya kwanza ni unavyoishi na watu," Nesi aliendelea, anakusanya mazulia bila kumtazama. "Usimdhuru mtu, usiseme uongo, usichukue kisicho chako. Ya pili ni unavyoishi na nafsi yako. Ndiyo inafuata mikao. Na hiyo mikao unayotusumbua nayo hapa, eti mia, eti muuza viatu ameona, kazi yake ni kukunyoosha mgongo ili uweze kutulia uone kilichomo ndani. Wewe mgongo umenyooka, umetulia, umeona. Sasa unatafuta mlango wa kutorokea."

"Kwa hiyo mimi nimepachika madirisha, nyumba haina kuta."

"Umesema mwenyewe."

Baruti akavaa kiatu kimoja. Kisha akauliza, na aliuliza kwa moyo mmoja kabisa, "Na mtu akiona kitu kibaya humo ndani, anatumia mkao gani?"

Nesi alicheka mpaka akaangusha mazulia. "Hakuna mkao, kaka yangu. Unasimama kwa miguu yako miwili unakwenda kwa uliyemkosea."

Alikwenda? Hakwenda. Jumatano alipita mbele ya chumba cha binti mara tatu, mara zote anakohoa, anaendelea na safari. Alhamisi jioni mkewe alimwekea chakula akakaa mbele yake, na mkewe hakuwa mtu wa kukaa hivi hivi.

"Mtoto amepata kazi. Ghalani, mji wa mbali, mwendo wa saa sita kwa basi. Anaondoka Jumapili."

"Ghala la vioo?"

"La nafaka. Atakuwa anaandika mifuko inayoingia na inayotoka."

Baruti akaacha kula. "Kuandika mifuko! Mtu mwenye jicho lile? Karakana nimjengee nani?"

"Anasema kioo hashiki tena maisha yake yote. Nimemuuliza kwa nini, hasemi." Mkewe alimtazama usoni. "Baba, ulimfanya nini mwanangu?"

Chakula kilimshinda Baruti, na alipokwenda kulala alijua kwamba haikuwa kununa, haijawahi kuwa kununa, na kwamba zimebaki siku mbili.

Ijumaa alikwenda darasani kama kawaida. Hakusimama kichwa chini. Wakati wa kulala chali ulipofika akalala, penseli ikaja, akaiacha ije. Ilikwaruza ikazunguka ikafunga duara, na yeye hakuinuka. Dakika zote kumi. Akashuka ngazi, akampita mwenye matairi akamsalimia vizuri, yule bwana akabaki ameduwaa na spana mkononi.

Nyumbani alimkuta binti anakunja nguo.

"Mama, nisindikize saluni."

"Nafunga mizigo, baba."

"Nusu saa. Nakuomba."

Sijui ni lini Baruti alikuwa amesema "nakuomba" kwa mara ya mwisho. Binti akavaa viatu.

Saluni ilikuwa imejaa, kama Ijumaa zote. Msusi alipomwona akaweka mikono kiunoni. "He! Baruti! Umekuja kukitazama kiraka chako? Wateja wangu wa kiti cha tatu wanatoka hapa wamehesabu masikio matatu!"

Wanawake wakaangua kicheko. Ni kweli, pale vioo viwili vilipokutana kulikuwa na mstari, na aliyekaa kiti kile alijiona amegawanyika. Siku nyingine Baruti angewasha moto mle ndani. Na moto ulikuja, tusidanganyane, aliusikia unapanda kifuani mpaka shingoni. Akatoa pumzi polepole, kama anavyoitoa akiwa na kisu juu ya kioo, na akaongea hivyo hivyo, mara moja, bila kurudi nyuma.

"Siku ile nilimwita binti yangu kipofu mbele yenu. Namba niliandika mimi. Duara la kuonyesha kumi imetolewa nilisahau mimi. Yeye alikata sawasawa na sheria ya karakana yetu. Nilipokwenda kuchukua boksi nikaona halina duara, nikalichora mimi mwenyewe, nikaja nikamwonyesha." Akatoa mfukoni kile kipande alichokuwa amekificha sandukuni, akakiinua. "Hili hapa. Kosa lilikuwa langu, na uongo ulikuwa wangu. Macho yake yalikuwa mazima."

Mtu akazima mashine ya kukaushia nywele. Binti alikuwa amesimama karibu na mlango.

"Rudia," alisema.

"Lipi?"

"La duara."

"Halikuwepo. Nililichora baadaye."

Binti akakaa kwenye kiti cha tatu, kwa sababu ndicho kilichokuwa wazi, na akaanza kulia. Hakuwa analia kwa huzuni. Alikuwa na hasira, hasira za baba yake kabisa, nazo zilikuwa zimefungiwa miezi minane.

"Nilijua halikuwepo. Nilikiangalia kile kipande mara mbili kabla sijakata. Halafu ukaja nalo mkononi, baba. Nikasema basi, kumbe mimi ndiye mwenye kasoro. Nimekwenda kupima macho. Mara mbili! Daktari ananiambia mazima, mimi namwona mwongo, kwa sababu nani wa kumwamini, yeye au baba yangu? Nikishika kisu mkono unatetemeka. Mtu asiyejua kama anaona atashikaje kioo? Nikaenda kutafuta mifuko ya kuhesabu, kwa sababu mifuko hata nikikosea haimkati mtu." Akafuta uso kwa kiganja. "Ungenifokea kila siku nisingeondoka. Nimekuzoea. Lakini uliniondolea macho yangu."

Baruti, mtu ambaye mtaa mzima ulikuwa hauwezi kumwambia kitu, alisimama pale akisemwa na mwanawe mbele ya wanawake wenye rola kichwani. Moyo ulimuuma, uliuma kuliko mgongo ulivyowahi kuuma, na hakutafuta mlango. Alisimama mikono pembeni, miguu yote miwili imekanyaga chini sawasawa. Nesi angekuwepo asingepata cha kurekebisha.

"Nisamehe, Mama."

"Sijui. Bado nina hasira."

"Una haki."

Msusi, ambaye naye macho yalikuwa yamelowa, akashindwa kuvumilia. "Haya, jamani, na kioo changu?"

"Nitakuwekea kingine, kizima," Baruti alisema. "Leo hii nakipima."

Binti akasimama. Akamsogelea baba yake, akaichomoa futi iliyokuwa kiunoni mwake, akavuta stuli akapanda. Akaweka alama ya kumi pembeni kabisa mwa ukuta, akaivuta futi mpaka mwisho, akainama akasoma, midomo inacheza. Akasoma tena mara ya pili. Akashuka, akachukua kile kipande cha boksi kutoka kwa baba yake, akakigeuza upande usioandikwa, akamchomolea na penseli sikioni. Akaandika namba. Akaizungushia duara, polepole, kila mtu anamwona.

"Mia mbili na ishirini," alisema. "Kumi imetoka."

Sasa mjue jambo moja. Kwa miaka yote sita hakuna namba ya mtu mwingine iliyotoka mahali bila Baruti kuipima tena mwenyewe. Hakuna. Mkono wake ukaanza kwenda kwenye ile futi wenyewe tu, kwa mazoea. Akauona unavyokwenda, akaurudisha.

Binti alikuwa anamtazama. "Huhakiki, baba?"

"Umeshaona wewe," Baruti alisema. "Inatosha."

Binti akakitazama tena kile kipande, ile namba yake na lile duara lake, kisha akakitia mfukoni mwake mwenyewe.

"Hasira zangu hazijaisha," alisema. "Lakini Jumapili siondoki. Kioo hiki nakikata mimi." Akafika mlangoni akageuka, ameinua ile futi iliyokatika ncha. "Na hii, baba, tunanunua mpya. Leo leo."

Baruti akafungua mdomo. Wanawake wote wakasubiri. Akaufunga, akatoa pumzi.

"Twende," akasema.